Boi: Neno la Herufi Tatu

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni neno moja tu: "boy". Akatuuliza maana yake. Darasa zima likaangua kicheko. Swali la darasa la tatu hilo, bwana! Tukajibu kwa sauti moja: mvulana. Mwalimu akapiga alama ya vema, akaendelea na somo lake. Mimi nikabaki nimeduwaa, maana kwetu Tanga neno lile lilikuwa na maana nyingine kabisa. Lilikuwa jina la babu yangu.

Mtaani alijulikana kama Mzee Boi. Ukishuka tu kwenye daladala ukauliza kwa Mzee Boi, hata mtoto wa chekechea angekufikisha mlangoni. Sisi wajukuu hatukuona ajabu. Tulilichukulia kama jina lingine lolote. Lakini siku ile, nikiwa nimekaa dawati la nyuma, ndipo nilipojiuliza: hivi inawezekanaje mtu akawa mzee na mvulana kwa wakati mmoja?

Sikuwahi kumuuliza. Mwaka ule ule, 2009, babu alifariki. Alikuwa na miaka themanini na moja hivi.

Siku ya pili ya msiba, baba alifungua kopo la Kimbo ambalo babu aliweka karatasi zake. Zilikuwemo stakabadhi za kodi, kadi ya kliniki, picha mbili, na barua moja ya Kiingereza iliyopigwa taipu, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo inataka kukatika. Ya mwaka 1959. Iliandikwa na mzungu aliyekuwa meneja wa shamba la mkonge, ambaye babu alimpikia kwa miaka tisa. Wakaniita mimi, "msomi", niwasomee. Barua ilisema aliyeishika ni boy mwaminifu, ni boy asiyekunywa pombe, ni boy anayejua kuoka mikate, na kwamba yeyote atakayemwajiri atakuwa amepata boy mzuri. Nilihesabu. "Boy" mara nne. Jina la babu mara moja, tena limekosewa.

Mwaka 1959 babu alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, ana mke na watoto watatu. Baba yangu ndiye aliyekuwa wa tatu.

Nilipomaliza kusoma, shangazi akasema jina hilo lisisikike tena katika nyumba hii, wala lisitiwe kwenye tangazo la msiba. Baba akamjibu, "Sasa dada, tukiandika jina lake la ukoo peke yake, nani atamjua? Watu wataacha kuja kuzika." Wakabishana mpaka wazee wakaingilia kati. Basi, msomaji, tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuata neno hili kama mtu anayemfuata mwizi sokoni. Nimelikuta mahali pengi. Nipe dakika chache nikusimulie.

Kwanza kabisa, mwalimu wangu hakukosea, ila alianzia mwisho wa hadithi. Neno "boy" lilipoanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza, katika karne ya 13, halikuwa na maana ya mtoto wa kiume. Lilikuwa na maana ya mtumishi, mtu duni, mtu asiye na cheo. Maana ya mvulana ilijitokeza baadaye. Kwa hiyo yule mzungu wa mkonge alikuwa anatumia maana ya zamani kuliko ile tuliyofundishwa darasani. Na "girl", neno mwenzake, siku hizo lilikuwa ni mtoto yeyote, wa kike au wa kiume.

Kabla ya "boy", Waingereza walikuwa na maneno mengine mawili ya kumwita kijana wa kiume: "cniht" na "cnafa". Yote mawili yalibeba pia maana ya mtumishi. Tazama yalivyotengana. La kwanza lilipanda farasi likawa "knight", yaani shujaa mwenye cheo cha kupewa na mfalme. La pili liliporomoka likawa "knave", yaani laghai, mtu wa hovyo. Maneno ndugu, nyumba moja, mmoja akapata cheo na mwingine akaishia jela. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu ndani ya daladala mpaka konda akaniuliza kama niko salama.

Tusiwatupie Waingereza peke yao mzigo huu. Wagiriki wa kale walimwita mtumwa "pais", yaani mtoto. Warumi walimwita "puer", yaani mvulana, hata kama kichwa chake kina mvi. Mtumwa wa bwana anayeitwa Marcus aliweza kuitwa Marcipor, maana yake mvulana wa Marcus, basi. Akawa hana jina, ana bwana tu. Na hadi miaka ya karibuni, mteja katika mkahawa wa Ufaransa alimwita mhudumu mwenye familia yake "garçon", kijana wewe, njoo. Inaonyesha wenye nguvu wa dunia hii walishagundua zamani kwamba ukitaka kumtumikisha mtu mzima bila dhamiri kukusuta, mfanye kwanza mtoto. Mtoto anaagizwa. Mtoto halipwi. Mtoto akichapwa, anafundishwa adabu.

Shakespeare alilijua neno hili pande zake zote. Katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere alitupatia kwa Kiswahili mwaka 1963, Brutus ana mtumishi mdogo aitwaye Lucius. Anamwita "boy", na neno linatoka na huruma: kijana anapitiwa na usingizi akipiga muziki, na bwana wake anamwondolea kinanda mikononi kisije kikavunjika. Sasa nenda kwenye Coriolanus. Huko jemadari aliyepigana vita tangu ujana wake anaitwa "boy" na hasimu wake mbele za watu. Anapandwa na hasira, anashindwa kujizuia, na dakika chache baadaye ameshauawa. Neno ni lile lile na mwandishi ni yule yule. Tofauti ni nani amemwambia nani, na mbele ya nani.

Neno likapanda meli. Huko India Waingereza walilikuta jingine linalofanana nalo kwa sauti, lililotokana na jina la tabaka la watu waliobeba machela za wakubwa mabegani. Kwa Kitelugu ni "boyi". Kamusi maarufu ya Hobson-Jobson ya mwaka 1886, iliyokusanya maneno ya Waingereza wa India, inayaeleza yote mawili pamoja: boy mtumishi na boy mbeba machela. Masikio ya mabwana hayakuona haja ya kuyatenganisha, maana kazi ilikuwa moja, kumbeba bwana.

Afrika Mashariki likatua na mizigo. Hapa "boy" alikuwa mpishi, dobi, mtunza bustani, mpagazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza wanaume wetu kwa maelfu walikusanywa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, na kumbukumbu ya kikosi chao cha wapagazi ndiyo hii tunayopita kila siku tukienda sokoni: Kariakoo kwa Dar, na Kariokor kwa Nairobi. Wanaume hao nao katika vinywa vya maofisa waliitwa "boys". Vita ilipokwisha, Kenya ikaanza kuwavalisha Waafrika wanaume kipande, karatasi ya utambulisho ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Sheria yenyewe ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita. Kisheria alikuwa mtu mzima wa kutosha kulipa kodi na kukamatwa. Jikoni akabaki mvulana.

Wabelgiji wa Kongo, ambao hata Kiingereza chenyewe hawakukitawala nacho, walilichukua neno hili kama lilivyo, wakazalisha na jingine: "boyerie", yaani kile kibanda cha uani anacholala mtumishi. Kampala hadi leo nyumba za uani zinaitwa "boys' quarters", ingawa anayelala humo pengine ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayelipa kodi yake kila mwezi. Wahusika wameondoka, jina limebaki na nyumba.

Na sisi Waswahili tulilifanya nini? Tulilipokea. Tukaliandika boi, kwa wingi maboi, likaingia kwenye kamusi zetu kwa maana ya mtumishi wa nyumbani wa kiume. Hatukulitafsiri "mvulana", na nadhani tulikuwa na akili kufanya hivyo. Masikio yetu yalisikia vizuri. Yalijua kwamba mzungu akiita "boy!" haiti mtoto, anaita kazi.

Hapa siwezi kupita bila kumtaja Ferdinand Oyono wa Kameruni. Mwaka 1956 alitoa riwaya yake Une vie de boy, ambayo kwa Kiswahili ilikuja kuitwa Boi tu. Inasimulia maisha ya Toundi, anayetoroka kwao usiku wa kuamkia siku ya jando, akakimbilia kwa padri wa kizungu, na baadaye akawa boi wa mkuu wa wilaya. Ukisoma haraka utadhani hilo la jando ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Toundi hakupita mahali ambapo watu wake wangemtangaza mwanamume, akaenda kwa watu ambao hawakuwa na mahali hapo kabisa kwa mtu kama yeye. Kwao angekuwa boy mpaka anakufa. Na kweli alikufa hivyo.

Sasa vuka bahari uende Marekani, maana huko ndiko neno hili lilikomaa kwa ukatili kuliko kwingine. Katika mashamba ya utumwa mwanaume mweusi aliitwa "boy" tangu anazaliwa mpaka anazeeka. Utumwa ulifutwa mwaka 1865. Neno halikufutwa. Miaka mia moja baadaye, mwezi Februari 1968, wazoa taka wawili katika mji wa Memphis, Echol Cole na Robert Walker, walipondwa na mashine ya gari la taka walimojikinga mvua. Wenzao wapatao 1,300 wakagoma. Walitembea barabarani wakiwa na mabango yenye maneno yasiyozidi manne: mimi ni mwanamume. Hayakutaja mshahara wala saa za kazi, ingawa waliyadai hayo pia. Ukilijua neno walilokuwa wanaitwa, utaelewa kwamba bango lile lilikuwa ni jibu. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono na hukohuko Memphis akauawa, tarehe 4 Aprili.

Ungedhani hayo ni ya zamani. Lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilikaa kuamua maana ya neno hili hili. Wafanyakazi wawili weusi wa kiwanda cha kuku huko Alabama walishtaki kwamba walinyimwa vyeo kwa sababu ya rangi yao, na kwamba meneja mzungu aliwahi kuwaita "boy". Mahakama ya chini yake ilikuwa imesema neno hilo likiwa peke yake, bila kutajwa rangi, si ushahidi wa ubaguzi. Majaji wa juu wakakataa. Walisema maana yake inategemea mazingira, lafudhi, toni ya sauti, desturi ya mahali na historia ya matumizi yake. Mwandishi mwenzangu, soma tena orodha hiyo. Mimi nimeibandika juu ya meza yangu. Majaji walikuwa wanaamua kesi, lakini ni somo zima la uandishi wa mazungumzo.

Ila kuna kitu kimoja kinanitatiza. Neno hili lina upande wake mtamu. Waingereza waliosoma shule moja, wazee wenye vitambi, wanaitana "old boys" na kukumbatiana. Mtu wa miaka arobaini ana "boyfriend" na hakuna anayekwazika. Vijana wa Nairobi wanasema maboyz wakimaanisha washikaji wao, na mimi mwenyewe nikiwa shuleni nilijiita Boi kwa majivuno, nikichora jina hilo kwenye begi. Mbona huku ni sifa na kule ni tusi?

Nimefikiri sana, na jibu nililolipata ni jepesi. Jiulize: aliyeitwa anaweza kumrudishia mwitaji neno lile lile? "Old boy" unamjibu mwenzako "old boy". Mshikaji akikuita boi, unamwita boi. Neno linakwenda na kurudi, kama mpira. Lakini babu hakuweza kumwambia bwana wake, "Sawa, boy, chai iko tayari." Angelala ndani siku hiyo. Neno lisiloweza kurudi si salamu. Ni amri, hata likitamkwa kwa upole, hata likiandikwa kwenye barua ya kumsifu mtu.

Tazama sasa Kiswahili chetu kinavyofanya. Babu yangu alikuwa akiniita "babu". Mimi, mtoto wa miaka minne, naitwa babu! Mama anamwita mwanawe anayetambaa "baba", na binti yake "mama". Neno la heshima linatoka juu, linamshukia mdogo, linampandisha. Wao walimshusha mtu mzima akawa mtoto. Sisi tunampandisha mtoto akawa mtu mzima. Nilipoligundua hili nilivimba kichwa kwa wiki nzima. Nikawa nahubiri kijiweni.

Kisha nikafungua kamusi tena, kichwa kikanywea. Kiswahili hicho hicho kilikuwa na mtwana na mjakazi, watumwa wa kiume na wa kike, na kwa kuwafanya wadogo zaidi tuliwavalisha ki- wakawa kitwana na kijakazi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hapa Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu, babu alikuwa bado miaka sita kuzaliwa. Maana yake kabla ya boi kuletwa na meli, kiti chake kilikuwa kimeshawekwa jikoni. Tulibadilisha aliyekikalia na jina lake.

Na leo? Ninakaa kwa dada yangu, Dar. Nyumbani pale kuna mama mmoja anayetupikia, anafua, anampeleka mpwa wangu shule. Ana miaka thelathini na minne, mimi nina thelathini. Mbele ya wageni tunamtaja hausgeli. Tukiwa wenyewe tunamwita "dada", na mimi nilijipa moyo kwamba hapo tuko salama, ni neno la ndugu. Lakini nilipotumia kipimo changu mwenyewe, kiligoma. Mpwa wangu wa miaka saba anamwita kwa jina lake kavu na kumtuma maji. Yeye anamwita mtoto yule "bosi". Dunia imeshakubaliana kumwita mtu kama yeye mfanyakazi wa nyumbani. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 wa kazi yenye staha kwa watu hao. Mkataba hauingii jikoni kwa mtu bila kuingizwa.

Jumapili moja, anachambua mchele uani, nikamuuliza angependa aitwe nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. Akasema, "Mimi nina mtoto, kaka." Akalitaja jina la mwanawe, anayelelewa na bibi yake huko Singida. Miaka miwili tulikaa naye na sikuwa nalijua.

Nikamkumbuka bibi yangu. Siku ile ya msiba, baba na shangazi walipokuwa wanabishana, bibi alikuwa ndani na kanga kichwani, kimya. Mwisho alisema, "Mnagombania nini? Mimi sijamwita hivyo hata siku moja." Na ni kweli. Miaka yote hiyo alimwita Baba Fulani, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Mchana kule shambani alikuwa boy, jioni akivuka kizingiti anakuwa baba wa mtu. Nadhani ndiyo maana hakuvunjika. Alikuwa na mtu wa kumrudishia jina lake kila siku saa kumi na mbili.

Wazee waliamua hivi: kwenye tangazo la msiba liandikwe Mzee Boi, ili watu waje; kwenye kaburi liandikwe jina lake alilopewa na baba yake, basi. Watu walikuja wengi. Jina la kaburini sitaliandika hapa, shangazi ameniomba. Barua ya mwaka 1959 ninayo mimi.

Kwa nyumbani, mpwa wangu alizoea kusema Mama Fulani kwa siku mbili tu. Sisi wakubwa ilituchukua mwezi mzima, na bado ulimi unateleza wageni wakija. "Bosi" nayo imekoma. Siku hizi anamwita yule mtoto "baba".